Ghala Likiwa Kituo cha Sanaa, Tuanze na Hati na Paa

Mipango ya kugeuza ghala kuukuu kuwa kituo cha sanaa huja na michoro ya kupendeza: kuta nyeupe, taa zinaning'inia kwenye kenchi za chuma, watoto wa mtaa wamekaa sakafuni wanachora. Michoro hiyo huficha mambo mawili ambayo ndiyo yataamua kama kituo kitafika mwaka wa kumi. La kwanza, nani anashika hati ya kiwanja. La pili, paa limeezekwa kwa nini. Miradi mingi hutumia fedha zake za kwanza kwenye kuta na samani, kwa sababu ndivyo vinavyopendeza kwenye picha za wafadhili, halafu masika ya kwanza yanapofika maji yanashuka kwenye turubai za michoro. Au paa linakaa sawa, na mwenye jengo anakuja mwaka wa tatu na kodi mpya.

Afrika Mashariki hatuanzi sifuri. Kituo cha Sanaa cha GoDown kilifunguliwa Nairobi mwaka 2003 kwenye maghala ya Barabara ya Dunga, katika eneo la viwanda. Dar es Salaam, Nafasi Art Space ilianza 2008 Mikocheni, penye viwanda vidogo vidogo, ikatumia ghala pamoja na makontena yaliyogeuzwa kuwa studio. Kampala, 32° East ilianza 2011, nayo kwa makontena. Wachoraji, wachongaji, wanamuziki na wacheza ngoma wa kisasa wa miji hii wamepitia humo kwa mamia. Kwa hiyo kama jambo hili linawezekana kwetu si swali tena. Swali ni kwa utaratibu gani, na fedha ya kwanza iende wapi.

Ghala hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu mwenye nalo hajapata la kulifanyia. Wasanii wakiingia, wao ndio humwonyesha la kulifanyia: wanasafisha, wanaweka taa, wanaleta watu, mgahawa unafunguliwa, mtaa unapata jina. Eneo la 798 jijini Beijing ni kiwanda cha vifaa vya elektroniki kilichosanifiwa na Wajerumani wa Mashariki katika miaka ya 1950. Wasanii waliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kodi ndogo. Umaarufu ulipokuja, kodi ikapanda, studio zikapungua, na nafasi zao zikachukuliwa na galeri kubwa, maduka na mikahawa. Hakuna aliyewafukuza kwa marungu. Mkataba uliisha tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ghala la mita za mraba 1,200 linahitaji shilingi milioni 180 za Tanzania kwa ajili ya paa, umeme na vyoo kabla ya msanii mmoja kuingia. Kwa mkataba wa miaka 3, hiyo ni milioni 60 kila mwaka juu ya kodi ya pango. Kwa mkataba wa miaka 15 ni milioni 12. Mwenye mkataba wa miaka mitatu amemkarabatia mtu jengo lake kwa fedha za wafadhili, na hana cha kudai. Ndiyo maana mkataba unaofaa haukosi mambo machache ya msingi: muda usiopungua miaka 15, kanuni ya kupandisha kodi iliyoandikwa kwa asilimia badala ya maneno kama "kwa makubaliano", fidia ya maboresho kwa thamani iliyobaki pale mkataba unapovunjwa mapema, haki ya kuwa wa kwanza kuuziwa, na ruhusa ya wazi ya kupangisha studio kwa watu wengine. Ruhusa hiyo husahaulika mara kwa mara, na bila hiyo kila msanii aliyemo ni mpangaji haramu. Halafu mkataba usajiliwe dhidi ya hati, ili atakayenunua kiwanja aukute pale. Na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kutoka viwanda kwenda shughuli za utamaduni na mikusanyiko, yaombwe kwa jina la mwenye hati kabla ya kulipa hata kodi ya mwezi mmoja. Halmashauri au kaunti ikikataa, bora kujua mapema.

Mfano wa mbali unaosaidia hapa ni MASS MoCA, makumbusho ya sanaa ya kisasa katika mji mdogo wa North Adams, Massachusetts, Marekani. Majengo yale yalikuwa kiwanda cha kuchapa vitambaa cha Arnold Print Works hadi 1942, kisha yakawa kiwanda cha Sprague Electric kilichotengeneza kapasita za vifaa vya umeme. Mwaka 1966 Sprague iliajiri zaidi ya watu 4,000 katika mji wa watu kama 18,000. Ilipofunga mwaka 1985, mji ulibaki na majengo ya matofali yaliyoungana kwa madaraja na nyua, na watu wasio na kazi. Mwaka uliofuata Thomas Krens, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya Chuo cha Williams karibu na hapo, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kazi kubwa zisizoenea kwenye kumbi za kawaida. Meya John Barrett III akamwelekeza kwenye kiwanda kile. Jimbo liliidhinisha dola milioni 35 mwaka 1988, uchumi ukayumba, fedha zikakwama, na milango ikafunguliwa Mei 1999. Yaani miaka 13. Jengo Namba 6, lenye zaidi ya mita za mraba 12,000, lilisubiri hadi 2017.

Kule majengo yamemilikiwa na tume ya umma iliyoundwa kwa kazi hiyo, na makumbusho yanayatumia kwa mkataba wa muda mrefu. Sehemu ya nafasi hupangishwa kwa ofisi na biashara, kodi ikasaidia sanaa. Wageni wakienda huko hurudi na picha za ukumbi mkubwa wenye urefu unaokaribia wa uwanja wa mpira. Cha kuleta nyumbani ni ile tume, na subira ya kufungua jengo moja moja.

Sasa paa.

Maghala mengi ya zamani katika pwani na kwenye maeneo ya viwanda ya miji yetu yameezekwa kwa bati za saruji zenye asbesto: kijivu, nene, zenye mawimbi makubwa, mara nyingi zimeota kuvu jeusi. Ndani yake kuna nyuzi za asbesto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito. Bati lililo zima halimwagi nyuzi nyingi. Hatari huanza pale fundi anapotoboa kwa drili, anapokata kwa msumeno, anapoliosha kwa maji ya presha ili lipakwe rangi, au anapolipasua kwa nyundo ili lishuke haraka. Nyuzi hazionekani kwa macho, hukaa mapafuni, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye, fundi ameshasahau alifanya kazi wapi.

Utaratibu wake unajulikana. Chukua kipande kidogo kilicholowanishwa, kiende maabara. Kikithibitika, tafuta mkandarasi mwenye kibali cha taka hatarishi kutoka mamlaka ya mazingira, NEMA kwa Kenya na NEMC kwa Tanzania. Bati hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, misumari ya nondo hukatwa kwa koleo badala ya kung'olewa kwa nguvu, bati hushushwa zima kwa mikono au kamba bila kutupwa, hufungwa kwa nailoni nzito tabaka mbili, huandikwa, na hupelekwa kwenye dampo lililoidhinishwa. Mafundi wavae barakoa za kiwango cha P3 na ovaroli za kutupwa. Kitambaa usoni hakizuii chochote. Kosa linalotokea sana ni kupigilia bati jipya juu ya lile la zamani ili kuokoa fedha: kila skrubu ni tundu, na mzigo wa kenchi umeongezeka. La pili ni kumpandisha fundi juu ya bati bila mbao za kukanyagia. Bati kuukuu la saruji huvunjika ghafla, na chini ni zege, mita sita au saba.

Paa la mabati ya chuma lina shida zake. Ghala lenye mabawa mawili lina mfereji katikati, pale mapaa yanapokutana, na humo ndimo uvujaji mwingi huanzia, pamoja na kwenye washa za mpira zilizokauka kwenye misumari. Kabla ya kuagiza mabati mapya, panda uangalie mfereji huo. Mara nyingine nusu ya tatizo ni majani, viota na kutu ya mita chache. Mabati yakihitajika, kumbuka geji ndogo ndiyo nene: geji 30 na 32 zinazofaa nyumba ndogo hazifai paa pana lenye papi zilizoachana. Omba 26, au 28 kwa uchache. Na hesabu maji. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 1,200 ni lita 60,000. Maji hayo yakikosa mifereji na matangi, yanaingia kwa jirani, na hapo kituo kimeanza uhusiano na mtaa kwa ugomvi. Yakikusanywa yanatosha vyoo na bustani kwa wiki kadhaa. Kwa kunywa yasitumike ikiwa paa ni asbesto au lina rangi ya zamani.

Jua nalo lina mambo yake huku kwetu. Viwanda vya Ulaya vilijengwa na paa la meno ya msumeno, madirisha yakitazama kaskazini, kwa sababu kule jua halipiti upande huo na mwanga unabaki mpole kutwa nzima. Baadhi ya viwanda vyetu viliiga umbo hilo bila kuhamisha sababu yake. Dar es Salaam, mwezi Juni saa sita mchana jua linakaa nyuzi kama 30 kaskazini mwa utosi. Desemba linakaa nyuzi kama 17 kusini. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, tofauti ni nyuzi kama 25 kaskazini na 22 kusini. Hakuna upande wenye kivuli mwaka mzima. Dirisha la kaskazini linalosifiwa kwenye vitabu litaangusha miale juu ya michoro yako Juni na Julai. Michoro ya karatasi na vitambaa hushauriwa mwanga wa luksi 50 tu, ya mafuta kama 200, ilhali nje mchana wa jua kali mwanga hufika luksi 100,000. Kwa studio ya kazi, bati za plastiki zinazopitisha mwanga zinafaa ukiweka turubai jeupe chini yake. Kwa ukumbi wa maonyesho, ziba kabisa bawa moja utumie taa. Usijaribu kufanya ghala zima liwe galeri.

Shauri hilo la bawa moja linahusu sauti pia. Mvua ya masika juu ya bati tupu inammeza mwigizaji kwenye jukwaa, na zege na bati kwa pamoja hufanya neno lizunguke hadi lipoteze maana. Kuwekea ghala zima pamba ya kioo au ya mawe ni kutupa fedha. Chagua ukumbi mmoja wa mita za mraba 150 hadi 200, ujenge kama chumba ndani ya ghala, kuta na dari yake zisimame juu ya fremu zinazoanzia sakafuni, pamba ya milimita 100 katikati, mapazia mazito kwenye kuta mbili. Fremu zianzie sakafuni kwa sababu kenchi za ghala zilipigiwa hesabu ya mabati na upepo, basi. Hazikupigiwa hesabu ya dari, spika, taa za jukwaa na mchongo wa kilo mia tatu. Mhandisi apige hesabu, na kiwango cha juu cha mzigo kiandikwe kwa rangi kwenye kila kenchi, ili kijana wa taa asikisie.

Sakafu mara nyingi ndiyo utajiri wa jengo: zege nene iliyobeba mashine haitashtuliwa na watu. Lakini zege iliyonyonya oili miaka 30 haishiki rangi. Dondosha maji, yakikaa kama shanga bila kunyonywa, mafuta bado yamo, na rangi ya epoksi ya mamilioni itabanduka kama ganda. Isagwe kwanza kwa mashine, au iachwe ilivyo. Sakafu yenye madoa haimdhuru mtu.

Udongo wa nje ndio unaodhuru. Uliza kilichofanyika pale, mwaka kwa mwaka: karakana ya betri, kiwanda cha rangi, cha ngozi, cha dawa za kilimo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kati ya 2007 na 2014 kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kituo kinachopanga kuweka uwanja wa watoto au bustani ya mboga juu ya kiwanja cha namna hiyo bila kupima udongo kinacheza na maisha ya wenyeji wake. Transfoma ya zamani iliyoachwa uani nayo isifunguliwe wala kuuzwa chuma chakavu. Mafuta yake yanaweza kuwa na PCB, sumu ambayo mkataba wa kimataifa wa Stockholm uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumika kwake kwenye vifaa na 2028 kuwa mwaka wa kumaliza kuiteketeza. Ipimwe na wenye mamlaka.

Umeme ni mahali pengine ambapo kituo hufa polepole. Ghala lilikuwa na fezi tatu, lakini laini ilikatwa zamani na nyaya za shaba zimeibwa. Kabla ya kuomba laini mpya andika mzigo: tanuru dogo la ufinyanzi hula kilowati 6 hadi 12, mashine ya kuchomelea 5 hadi 8, jukwaa lenye taa na muziki kadhaa nyingine. Tenganisha saketi za karakana na za studio ya kurekodi sauti, la sivyo kila fundi akigusa chuma, mlio unaingia kwenye rekodi na taa zinapepesa. Kila studio iwe na mita yake ndogo. Ugomvi wa nani kala umeme umevunja vikundi vingi kuliko ugomvi wa sanaa.

Na moto. Tarehe 2 Desemba 2016, ghala lililokaliwa na wasanii mjini Oakland, California, lililojulikana kama Ghost Ship, liliungua wakati wa usiku wa muziki. Watu 36 walikufa. Jengo halikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji, ndani kulijaa mbao, samani na vitambaa, na mojawapo ya ngazi za ghorofani ilikuwa imeundwa kwa paleti. Waliokufa hawakufanya lolote la ajabu. Walikwenda kusikiliza muziki mahali pa bei nafuu. Kila anayeendesha kituo ghalani anapaswa kuusoma mkasa huo kama sehemu ya kazi yake. Milango miwili kwa uchache, pande zinazotazamana, inayofunguka kwenda nje, na isiwe na kufuli wakati kuna watu ndani. Ngazi za chuma au zege. Asilale mtu. Kuchomelea kukae nje au nyuma ya ukuta wa matofali, mbali na tapentaini na tina. Kizimamoto cha gesi kikae karibu na swichibodi na cha povu karibu na rangi. Na kuna hatari moja ambayo wachoraji wengi hawafundishwi: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikifinyangwa na kutupwa kwenye ndoo, hujipasha moto chenyewe hadi kuwaka, bila cheche, saa kadhaa baada ya watu kwenda nyumbani. Dawa yake ni pipa la chuma lenye mfuniko na maji ndani, linalomwagwa kila jioni. Halifiki bei ya mkebe mmoja wa rangi nzuri.

Tukirudi kwenye nafasi yenyewe, katika mita za mraba 1,200 tegemea kupangisha kama asilimia 60. Zilizobaki ni njia, vyoo, stoo na mahali pa lori kugeuzia. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: studio 14 za mita za mraba 20, karakana ya pamoja ya 120, ukumbi wa 200, na 120 za mgahawa na ofisi. Milango ya studio iwe na upana wa mita 1.5 au zaidi. Kazi kubwa huingia ikiwa vipande na hutoka ikiwa nzima. Kuta za kugawa studio zisizofika paani huokoa fedha na hewa, lakini kelele hupita juu, kwa hiyo mpiga ngoma asipangwe jirani na mwandishi.

Makontena yana sifa kubwa kuliko stahili yake. Upana wa ndani ni mita 2.35, kwa hiyo mchoraji hawezi kurudi nyuma akaiona kazi yake. Likiachwa juani bila kivuli linakuwa oveni. Ukikata dirisha kubwa kwenye ubavu umeondoa sehemu ya nguvu yake, lazima uweke fremu ya chuma kuzunguka tundu. Na sakafu yake ya mbao ilitiwa dawa ya wadudu kwa safari za meli, kwa hiyo ifunikwe. Paa la pili la makuti au mabati, lililoinuliwa nusu mita ili upepo upite katikati, ndilo linalolifanya likalike. Faida yake moja ni kubwa mno na inafuta nyingi ya hizo kasoro: mkataba ukivunjika, kontena hupakiwa kwenye lori. Kwa kikundi kisicho na hati, hiyo ni bima.

Fedha za kila mwezi zipangwe bila matumaini ya uongo. Mfano wa hesabu, kwa shilingi za Tanzania: gharama zote, pamoja na kodi ya pango, mlinzi, umeme wa pamoja, mishahara mitatu na akiba ya paa, milioni 14. Studio 14 kwa 150,000 ni milioni 2.1. Mgahawa na ofisi, mita 120 kwa 20,000, ni milioni 2.4. Ukumbi ukikodishwa siku 8 kwa 400,000 ni milioni 3.2. Jumla milioni 7.7. Pengo la milioni 6.3, asilimia 45, litoke kwa ruzuku, mafunzo na wafadhili. Kituo kinachomwahidi mfadhili kwamba kitajitegemea kwa asilimia 100 ndani ya miaka mitatu kinajiandaa kufanya jambo moja tu: kugeuza ukumbi kuwa wa harusi, kila Jumamosi, na wasanii wakawa wageni nyumbani kwao. Harusi mbili kwa mwezi zinasaidia. Zikiwa nane, mtaa utakijua kituo kama ukumbi, na utakuwa sahihi. Akiba ya paa nayo isiguswe kwa mishahara. Ni sehemu ya kumi ya gharama za kila mwezi, na huwekwa kwenye akaunti yake.

Jirani ni nani? Maghala hayako jangwani. Eneo la viwanda la Nairobi linapakana na Mukuru, na humo ndimo kilipozaliwa kikundi cha Wajukuu mwaka 2004, kilichofika Documenta ya 15, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 na kupata tuzo ya Arnold Bode. Hawakusubiri mtu awapelekee sanaa. Kituo cha sanaa kikijengwa karibu na mtaa kama huo, hakina sababu ya kuandika "kuwafikia wananchi" kwenye maombi yake ya fedha. Kina sababu ya kuwapa studio, funguo na viti kwenye bodi.

Na ajira ziandikwe kwa majina ya kazi: walinzi, wapishi, mafundi wa taa, wachomeleaji, madereva. Fundi wa mageti na madirisha wa mtaani anaweza kuunda fremu na stendi za maonyesho akipewa mchoro wa vipimo, na atakuja kesho kurekebisha. Kinachoagizwa kutoka mbali hakina wa kukirekebisha.

Cape Town inaonyesha upande mchungu. Katika mtaa wa Woodstock, Old Biscuit Mill, kiwanda cha zamani cha biskuti, kiligeuzwa kuwa soko la wikendi, studio na mikahawa, likawa sura ya mtaa mpya. Karibu na hapo, wakazi wa nyumba ndogo za Mtaa wa Bromwell walijikuta wanatakiwa kuondoka baada ya nyumba kununuliwa na kampuni ya uendelezaji. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ambayo Desemba 2024 ilitoa uamuzi upande wao na kulitaka jiji liwapatie makazi ya dharura katika eneo lile lile la ndani ya jiji. Haitoshi kusema kwamba wasanii si waliowafukuza watu wale. Anayefungua kituo anajua, au anapaswa kujua, kwamba kodi za vyumba vya jirani zitasukumwa juu. Anachoweza kufanya ni kushirikiana na vyama vya wapangaji kabla ya ufunguzi, na kuacha baadhi ya fremu za barabarani kwa mama lishe na kinyozi waliokuwapo, kwa kodi ile ile.

North Adams nayo haikutajirika. Mji umepata hoteli, mikahawa na wageni, lakini kazi 4,000 za Sprague hazikurudi, na mwaka 2024 wafanyakazi wa makumbusho yenyewe waligoma wakidai malipo bora. Wanasiasa wetu wanaopenda kusema kwamba sanaa itafufua mji wa viwanda wazisome takwimu hizo pamoja na zile za watalii.

Kuna wanaolia kwamba GoDown iliamua kuyaacha maghala yake na kupanga jengo jipya la ghorofa pale pale, lililosanifiwa na White Arkitekter ya Uswidi. Kilio hicho kinaeleweka, kwani kumbukumbu nyingi za muziki na ngoma za Nairobi zimo kwenye kuta zile. Lakini ghala la mabati si msikiti wa Kilwa. Kituo chenye uhakika wa kiwanja kinaweza kubomoa na kujenga, na kisicho nao hakina hata uchaguzi wa kubomoa. 32° East ilifuata mantiki hiyo hiyo: ilinunua ardhi Kabalagala kwanza, ikajenga awamu ya kwanza, ikahamia kwake. Wasiwasi wangu juu ya majengo makubwa mapya ni mwingine: lifti, viyoyozi na vioo vinataka kodi kubwa, na kodi kubwa huchuja wasanii kimya kimya.

Kwa hiyo halmashauri zenye maghala ya pamba Kanda ya Ziwa, ya mkonge Tanga, au ya forodha kwenye bandari ndogo, zisianze na kiwanja chote wala na mshauri wa nje. Zitoe bawa moja la mita za mraba 300 kwa mkataba wa miaka 25, kwa taasisi yenye bodi ya wakazi na wasanii. Kuondoa asbesto kuwe jukumu la halmashauri yenyewe, kwa sababu ndiyo mwenye mali na ndiyo yenye uwezo wa kusimamia dampo. Laini ya fezi tatu, vyoo vinne, milango miwili ya dharura. Mabawa mengine yabaki yamefungwa, mifereji yake isafishwe kila kabla ya masika na vuli ili yasioze yakingoja zamu yao, na kila miaka mitatu hesabu za bawa la kwanza ziangaliwe hadharani kabla ya kufungua la pili.